Sajini Janepher Akello Gidudu, Aliyerudi Mahakamani Kusahihisha Neno Lake

Wasifu huu umesomwa na binti yake mkubwa, Annah Nambozo, nyumbani kwao Nakaloke, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025. Umefasiriwa kwa Lugha ya Ishara na Bwana Siraj Mugweri.

Viongozi wa dini, maafande wa magereza na polisi, jamaa mliotoka Lango na Busoga, wakwe na majirani wa Nakaloke na Namakwekwe, familia inawashukuru kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema wakwe zake hawajui Kilango, ndugu zake hawajui Kimasaba, na askari wenzake wametoka kila pembe ya nchi. Aliagiza pia kwamba atakayefasiri kwa ishara asiwekwe nyuma ya hema. Ndiyo maana Siraj amesimama pale mbele, kwenye mwanga, na safu mbili za kwanza wamekaa viziwi. Wazee waliohamishwa viti wanaombwa radhi, lakini amri haikuwa yetu.

Janepher Akello alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Februari 1963, Boroboro, karibu na Lira, akiwa mtoto wa tatu wa Koplo Yokana Ogwal na Mama Kerina Atim. Jina la Akello alipewa kwa sababu alikuja baada ya pacha, Opio na Acen. Mwaka 1967 baba yake alihamishiwa kambi ya jeshi Jinja, na familia ikamfuata. Huko ndiko marehemu alikojifunzia Kiswahili, kwa watoto wenzake wa kambini, kabla hata hajakijua vizuri Kilango.

Mwaka 1971 Koplo Ogwal alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi tena. Kaburi lake halijulikani mpaka leo. Mama Kerina alifunga nguo kwenye shuka, akawachukua watoto watatu, akaanza safari ya kurudi Lira. Aliwaonya wasifungue mdomo kwenye vizuizi vya barabarani, maana mtu akisikia lafudhi tu angejua wametoka wapi. Janepher alikuwa na miaka minane. Alikaa kimya siku mbili nzima, hata alipobanwa na haja. Hakupenda kuisimulia safari hiyo, na watoto wake waliisikia kwa shangazi yao Acen.

Darasa la kwanza alilianzia Jinja mwaka 1969, akamaliza shule ya msingi Lira mwaka 1976. Sekondari aliianza mwaka uliofuata, vita vya 1979 vikaikatiza, akafanya mtihani wake wa mwisho mwaka 1981. Kijijini alijulikana kama msomaji wa barua. Wanawake ambao watoto wao walikwenda Kampala walimletea barua awasomee, na yeye alikuwa na tabia ya kuzitengeneza. Kijana akiandika kwamba hana sabuni na ameishiwa nauli, Janepher alisoma kwamba anawasalimu wote na Krismasi atakuja. Siku moja Krismasi ilifika, kijana hakuja, na mama wa watu alikuwa amekwisha kuchinja kuku. Mama Kerina alimwita bintiye jikoni, akamwambia, "Wewe soma kilichoandikwa. Huruma yako baki nayo moyoni." Marehemu alilisimulia hilo akicheka, lakini alikiri kwamba ilimchukua miaka mingi kulielewa.

Alijiunga na Jeshi la Magereza mwezi Juni 1984 na kupata mafunzo Luzira. Mwaka 1985 alipangiwa kazi katika gereza moja la wilaya ya Jinja, upande wa wanawake, akakaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Huko Jinja ndiko alikokutana na Herbert Gidudu, seremala kutoka hapa Nakaloke, aliyekuja kutengeneza madawati ya darasa la wafungwa. Kazi ya siku nne ilimchukua wiki tatu. Mkuu wa gereza alipouliza kwa nini, Herbert alijibu kwamba mbao zilikuwa mbichi.

Ndoa haikupita kirahisi. Akello alikuwa mtu wa kaskazini, tena askari, na alipoongea Kiswahili hapa Nakaloke, wazee walikumbuka bunduki na upekuzi. Mama mkwe wake, marehemu Bibi Nambozo, aliuliza mbele ya kikao chote, "Huyo mwanamke ataingia na pingu humu ndani?" Janepher alipiga magoti akajibu, "Pingu zinabaki kazini, mama. Lakini mwanao akichelewa kurudi nitaziomba." Kikao kikacheka, na kikao kilichocheka ni vigumu kukataa. Walifunga ndoa kanisani Mbale tarehe 16 Desemba 1989. Mungu aliwajalia watoto watatu, Annah, Ronnie na Ritah.

Sasa tufike pale ambapo marehemu aliagiza pasirukwe. Alisema, "Msije mkasoma mazuri tu. Someni na hilo la Twaibah, kuanzia mwanzo, na mimi niliyofanya." Twaibah Naigaga yuko hapa nasi, amekaa safu ya kwanza, na ameridhia lisomwe.

Januari 2006 aliletwa gerezani mahabusu wa miaka ishirini na minne kutoka Masese, mwanamke aliyekuwa akianika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alishtakiwa kwamba alichoma moto kibanda cha kukaushia samaki cha jirani yake. Jalada lilisema kwamba ni mkaidi na hataki kusema. Kila alipofikishwa mahakamani alinyamaza, na kesi ikaahirishwa.

Asubuhi moja ya mwezi Aprili, wakati wa kuhesabu wafungwa, mwanamke huyo hakuitika. Koplo Akello aliita mara tatu. Mahabusu alikuwa ameinama anafunga kitambaa chake kichwani, hata hakugeuka. Marehemu, ambaye hakuwa na subira, alimshika mkono, akamsimamisha katikati ya uwanja juani, akamwacha pale hadi saa sita mchana.

Wiki mbili baadaye, wakati wanawake wakichambua maharage, sufuria kubwa ilidondoka kutoka kwenye meza ya jiko na kubingirika juu ya sakafu ya saruji. Kila mtu aliruka. Mwingine alipiga kelele akidhani ni risasi. Twaibah, aliyeligeuzia jiko mgongo, aliendelea kutoa mawe kwenye maharage yake.

Marehemu aliganda. Mfungwa mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu alimwambia kwa sauti ya chini, "Afande, huyu hapana sikia. Masikio yake hakuna. Sisi tunajua tangu siku ile ya kwanza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa wewe, afande."

Alisema neno hilo lilimuuma kuliko lile la masikio. Siku iliyofuata alimfuata Twaibah kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha kwa mtu asiyesikia, alipiga magoti mbele yake, na sare yake mwilini. Twaibah aliingiwa na hofu, akadhani ni adhabu mpya, naye akapiga magoti haraka. Wakabaki hivyo, wamepigiana magoti kwenye matope chini ya nguo mbichi, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke, mpaka wanawake wengine wakaanza kucheka na Twaibah naye akacheka. Hapo ndipo walipoanza kujuana.

Twaibah hakuwahi kwenda shule. Ishara zake zilikuwa za nyumbani, alizozitunga na mama yake na wauza samaki wa Masese. Marehemu alijifunza chache jikoni: kula, mgonjwa, mvua, mtoto, mafuta. Miezi kumi baadaye alijiona anajua.

Jumanne tarehe 6 Machi 2007 kesi ilitajwa tena, na marehemu ndiye aliyemsindikiza. Hakimu alichoka. Akauliza, "Kuna mtu humu anayeweza kuzungumza na huyu?" Koplo Akello akanyoosha mkono. Alinyoosha kwa nia njema, na alitaka wote tujue kwamba alinyoosha pia kwa fahari.

Akaambiwa amuulize mshtakiwa alifanya nini siku ya moto. Twaibah, ambaye kwa zaidi ya mwaka mzima hakuwa ameulizwa kitu, alieleza kwa mikono yote miwili na uso mzima. Alikimbia. Alibeba kitu kizito. Alikiinamisha. Alikwenda tena, akainamisha tena. Kule jikoni gerezani kitu pekee walichokuwa wakiinamisha ni jerikani la mafuta ya kupikia, na kiganja kilichoinamishwa hivyo, kati yao wawili, kilikuwa na maana ya mafuta. Mahakama nzima ilikuwa inangoja. Marehemu alisimama wima akasema, "Anasema alibeba mafuta, akamwaga."

Karani aliandika. Hakimu alivua miwani, akaahirisha kesi.

Twaibah hakusikia neno, lakini aliona nyuso. Alimtazama hakimu, akamtazama karani, akamtazama Janepher, akajua kwamba kuna kitu kimesemwa kwa jina lake ambacho yeye hakukisema. Njia nzima ya kurudi gerezani alifumba macho. Marehemu alimgusa bega, akamgusa mkono, na Twaibah hakuyafungua. Hapakuwa na namna nyingine ya kumfikia.

Usiku huo na siku zilizofuata marehemu alitaka kujitetea. Alimwambia mumewe kwamba alijitahidi, kwamba wengine wangekaa kimya. Herbert, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimuuliza kama ana uhakika ni mafuta. Hakuwa nao.

Alichukua likizo yake ya mwaka akaja Mbale, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba Namakwekwe kuna mwanamke kiziwi anayefundisha watoto viziwi kwenye veranda ya chumba alichopanga. Huyo ni Mwalimu Ramlah, ambaye naye yuko hapa. Siraj, mdogo wake, wakati huo alikuwa mwendesha boda boda, na tangu utotoni ndiye aliyemsemea na kumsikilizia dada yake. Marehemu alieleza kisa chote, Siraj akafasiri, Ramlah akasikiliza kwa macho bila kukatiza. Kisha akauliza.

"Ulimuuliza alimwaga nini?"

"Hapana."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Hakimu alikuwa anangoja."

"Basi ulimsaidia hakimu," Ramlah akasema.

Marehemu alisema hajawahi kupigwa kofi la namna hiyo na mtu mwenye mikono myepesi vile. Aliuliza afanye nini. Ramlah alimwambia mambo mawili. La kwanza, arudi mahakamani aseme kwamba alikosea, na aseme kwa maandishi, kwa sababu neno lake la kwanza tayari lilikuwa limeandikwa. La pili, asifasiri tena. "Mimi nitakuja," alisema Ramlah. "Kiziwi atamwelewa kiziwi mwenzake, na Siraj atatoa sauti. Wewe kazi yako ni kufungua mlango wa kuingilia na kukaa chini."

Kufungua mlango huo hakukuwa kazi ndogo. Mkuu wa gereza wa wakati huo, ambaye hatutamtaja jina, alimwita ofisini, barua yake ikiwa mezani.

"Afande Akello, unajua kwamba jina lako liko kwenye orodha ya usajini?"

"Najua, bwana mkuu."

"Na unajua barua hii inasema nini? Inasema uliidanganya mahakama."

"Inasema nilikosea, bwana. Na nilikosea."

"Kwa ajili ya mahabusu mmoja tu?"

"Ndiyo, bwana. Hata neno lenyewe lilikuwa moja tu."

Barua ilikwenda. Jina lake liliondolewa kwenye orodha, na likarudi mwaka 2013. Kwa miaka hiyo sita alisaluti vijana aliowafundisha kufunga viatu. Mtu akimuuliza kama anajuta, alijibu kwamba anajuta, lakini si kwa barua.

Mahakama ilikubali kusikiliza upya. Ramlah alikaa na Twaibah siku tatu kabla ya shauri, wakiwa wawili tu, na marehemu akiwa nje ya mlango kama alivyoagizwa. Alhamisi tarehe 22 Novemba 2007 Twaibah alieleza kwa saa mbili. Alieleza alivyoona moshi akiwa anageuza mukene wake. Alieleza beseni la maji kutoka ziwani, mara ya kwanza na mara ya pili, na mara ya tatu alipoingia ndani kuokoa samaki wa jirani na paa likamwangukia. Akakunja mkono wa gauni lake, akaonyesha kovu. Jirani mwenyewe, alipoulizwa, alikiri kwamba alimwona karibu na moto na hakuona zaidi. Hakimu alimwachilia huru mchana huohuo.

Kabla ya kuondoka aliulizwa kama ana jambo la kuongeza. Ramlah aliuliza kwa mikono, Twaibah akajibu, Siraj akasema kwa sauti, "Anasema jina lake mmeliandika vibaya."

Jalada, ambalo Ramlah alikuwa amemsomea kwa ishara, lilikuwa limeandikwa Naigaga Kasiru. Wasoga na Waganda waliopo wanajua kwamba hilo si jina. Ni neno la kumwita mtu bubu. Polisi walipouliza jina lake siku ya kumkamata, watu wa mtaani walijibu hivyo, na ofisi zote zilizofuata zikanakili. Karani alifuta, akaandika Twaibah. Twaibah alisimama nyuma ya bega lake mpaka herufi ya mwisho ikamalizika.

Nje ya mahakama hakumkumbatia marehemu. Alimwonyesha ishara ya maji, polepole, mara tatu, kama anavyofundishwa mtoto. Marehemu akairudia mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yao kwa mwaka mzima.

Mwaka 2008 marehemu alihamishiwa Mbale, karibu na nyumbani kwa mumewe, na familia ikapanga nyumba Namakwekwe. Kila Jumamosi kwa miaka minne alikwenda kwenye veranda ya Ramlah kujifunza Lugha ya Ishara ya Uganda, akiwa ameketi kwenye benchi moja na watoto wa miaka saba. Ramlah alilalamika kwamba mwanafunzi wake anaamuru kwa mikono kama anavyoamuru kwa mdomo. Nyumbani alitaka tule chakula cha jioni kwa ishara, na aliyetaka chumvi kwa sauti hakuipata.

Hakuwa malaika, na familia haitamfanya malaika leo. Mwaka 2011 Ritah, akiwa na miaka kumi na minne, alimwambia, "Mama, mikutano miwili ya shule yangu umeikosa kwa ajili ya watoto wa Mwalimu Ramlah. Mimi nasikia, basi ndiyo kosa langu?" Marehemu alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akarudi akaomba msamaha. Mkutano wa tatu alifika saa moja kabla ya wazazi wote, amevaa sare na buti zinang'aa, akakaa kiti cha mbele kabisa. Ritah anasema aliona aibu kuliko mara zile mbili alizokosa.

Kazini alikuwa na vita moja iliyochukua miaka mitano. Alitaka kuhesabu wafungwa kubadilike: kiziwi aguswe bega, asipigwe kelele wala asiadhibiwe, jina lake liandikwe kwenye kadi, na kila zamu iwe na askari mmoja anayejua ishara. Wenzake walimwita Afande wa Mabubu. Aliandika barua baada ya barua. Zilipojibiwa hatimaye kwamba aje aeleze mbele ya kikao cha maofisa, alikwenda na Ramlah na Siraj, akasalimu, akakaa. Mwenyekiti akamwambia aendelee. Akajibu, "Afande, mimi nasikia vizuri. Mwenye habari ni huyu."

Ramlah aliwapa maofisa karatasi, akawaomba kila mmoja aandike jina la mfungwa kiziwi anayemsimamia. Walikuwa nao watano wakati huo. Karatasi zilirudi zimeandikwa bubu wa kwanza, bubu wa jikoni, yule mrefu. Hakuna aliyeandika jina hata moja. Utaratibu mpya ulipitishwa mwezi Agosti 2014, na marehemu, ambaye wakati huo alikuwa sajini, ndiye aliyekuwa zamu asubuhi ya kwanza ulipotumika.

Mwaka 2016 shirika moja lilimwalika kwenye sherehe mjini Mbale, limpe cheti kilichoandikwa Sauti ya Viziwi. Alikisoma, akakirudisha palepale jukwaani. Alisema, "Viziwi hawakuniazima sauti yao. Kama mnataka kuwasikia, wamekaa pale." Waandalizi walikasirika, na mpiga picha hakujua aelekeze kamera wapi. Twaibah, aliyekuwa amekuja kutoka Masese kwa ajili ya siku hiyo, alipanda akaeleza kwa robo saa habari za wauza samaki viziwi wanaopunjwa mizani. Marehemu alimshikia mkoba wake chini ya jukwaa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018. Alilima vitunguu hapa Nakaloke, akafuga kuku, akaimba kwaya bila kuijua sauti yake vizuri.

Septemba 2023 alianza kutokwa na damu isivyo kawaida, na vipimo vikaonyesha saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa Mbale na Kampala, akapata nafuu, ikarudi. Katika kipindi hicho, akiwa kwenye foleni ya kituo kimoja cha afya cha mjini, aliona muuguzi akiita jina mara mbili kisha akaita la mwingine. Kwenye benchi alikuwapo mama kijana mwenye mtoto mgongoni, anatazama mdomo wa kila anayepita. Alikuwa amekaa hapo tangu saa mbili, na ilikuwa saa nane. Marehemu, aliyekuwa hawezi kusimama bila fimbo, alisimama. Hakumfasiria. Alimgusa bega, akamuuliza kwa ishara kama anataka mkalimani, na alipokubali, akawapigia Ramlah na Siraj simu ya video, akamwambia muuguzi kwa upole, "Sista, ongea na yeye. Tazama yeye, usinitazame mimi."

Hapo ndipo ilipoanzia barua ya kuomba wakalimani wa ishara kwenye vituo vya afya, siku mbili kwa wiki. Marehemu aliandika rasimu akiwa kitandani. Viziwi wa Mbale na Jinja waliisoma, wakaikata nusu, wakaongeza yao. Ilipofika wakati wa kutia saini alichukua kalamu, na Twaibah, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kikundi chao, akamnyang'anya. "Wewe mwisho," akamwambia. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Barua ina saini sitini na tatu za viziwi. Yake ni ya sitini na nne.

Wiki mbili zilizopita majibu yalikuja kutoka ofisi ya afya ya wilaya kwamba wenye barua wafike wasikilizwe Jumatatu tarehe 23 Juni, saa tatu asubuhi. Marehemu alikuwa tayari hawezi kula. Annah alimwinamia akamuuliza, "Mama, tuombe wasogeze siku mpaka upate nguvu?"

"Kwa nini?"

"Unaumwa, Mama."

"Naumwa mimi," akasema. "Barua haiumwi."

Alifariki nyumbani Namakwekwe, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mguu wa kulia ambao ulikuwa ukimsumbua kwa baridi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru wauguzi waliomfuata nyumbani, kwaya, na maafande wa zamu zote.

Ameacha mume, Mzee Herbert Gidudu, watoto watatu, Annah, Ronnie na Ritah, wakwe wawili, wajukuu wanne, ambao wote wanajua kuomba chumvi bila sauti, na dada yake, Mama Acen wa Lira. Ameacha pia Twaibah Naigaga wa Masese. Tulipokuwa tukiandika tulitaka kumtaja kama rafiki wa familia. Alikataa. Alikataa pia tuandike kwamba ni mtu aliyesaidiwa na marehemu. Ameomba aandikwe kama mwalimu wa marehemu, na baada ya Mzee Herbert kufikiri kidogo, alisema kwamba hiyo ni kweli, iandikwe hivyo.

Janepher, mke, mama, dada na afande wetu, pumzika kwa amani. Zamu yako imekwisha. Nyinyi mliobaki, Jumatatu saa tatu tutakuwa mlangoni. Watakaosema wanajulikana. Wengine tutabeba viti.